Chumvi ya Haluli, Masika ya Kiruruma

Jumanne, 3 Machi 1953

Nina hasira leo, na sina pa kuitua ila hapa.

Daktari mpya amefika na lori la mchana. Gaudiosus Byabato, mtoto wa Ihanda kama mimi, amesoma Makerere. Miaka yote tumekuwa tukiomba daktari hapa zahanati ya Kiruruma, nami nilidhani anakuja kutibu. Amekuja na masanduku ya vioo. Kabla hata hajanywa maji ameshatwaa chumba chenye dirisha kubwa, ambacho ndicho chumba changu cha kuzalishia, akanisukumia mimi na kitanda changu ghalani. Kisha akasema anahitaji damu ya kila mama mjamzito atakayekuja, na mkojo wake, na maji anayochota, na udongo wa mgombani kwake.

"Daktari," nikamwambia, "wanawake hawa wamenipa siri zao. Damu yao hawajanipa, wala sijaiomba. Si ng'ombe wa kupitishwa kwenye josho."

"Sikusema ni ng'ombe, Mama Auleria."

"Umesema unawahitaji. Hujasema wao wanakuhitaji kwa lipi."

Akavua miwani akaifuta. Bado kijana. Tulipobaki wawili akanipa shikamoo, jambo ambalo madaktari hawanifanyii. Niliitikia kwa mdomo tu.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Ghala linavuja juu ya kitanda cha kuzalishia. Nilipokwenda kumwambia alikuwa anachekecha udongo.

Jumatatu, 9 Machi

Leo amenieleza, kwa sababu wanawake wote niliowaleta walimkatalia damu, nami sikuwasihi.

Anachotafuta ni kifafa cha mimba. Ugonjwa huo naujua kuliko yeye. Miguu inavimba, kichwa kinapasuka, mama anasema anaona vimulimuli mchana, na kabla hujageuka anakakamaa, anatupa mikono na miguu, povu linamtoka mdomoni. Nimezika wengi. Mmoja alikuwa dada yangu.

Anasema mwilini mwa mtu kuna madini, mengine kidogo kuliko chumvi inayobaki kwenye ncha ya kidole, lakini ukiyakosa unaharibika. Moja ni magnesiamu. Ng'ombe wa nchi nyingine wakila majani machanga ya masika huanguka wakitetemeka, na damu yao ikipimwa inakutwa haina magnesiamu ya kutosha. Yeye anashuku kwamba wanawake wetu wanaikosa vilevile, kwa sababu ya udongo wetu na maji yetu. Akithibitisha, atajua pa kuanzia.

"Basi waambie hivyo," nikasema. "Mmoja mmoja, kwa Kinyambo, si kwa lugha ya sanduku. Na atakayekataa aende zake, apate huduma yake ileile."

"Itachukua muda."

"Mimba nayo huchukua muda."

Alikubali, lakini si kwa furaha. Mchana watatu wakampa damu.

Jumamosi, 14 Machi

Mawingu wiki nzima. Kumbe vioo vyake vinahitaji jua. Anatia damu iliyochujwa kwenye dawa ya manjano, na penye magnesiamu rangi inageuka kuwa nyekundu. Kisha analinganisha wekundu huo dirishani. Bila jua haoni tofauti. Ndiyo sababu ya kuninyang'anya dirisha. Angalau ilikuwa na maana.

Ijumaa, 20 Machi

Evangelina amekufa.

Walimleta asubuhi kutoka milimani kwa engozi, ile machela yetu ya kusuka, wanaume wanne wamelowa hadi kiunoni. Mimba yake ya kwanza. Alikuwa ameshakakamaa mara mbili njiani. Daktari alimtoa damu ya kupima, kisha akafanya kama kanuni ya mkubwa wetu, Daktari Whitcombe aliyeko mjini Bukoba, inavyosema: mofini, chumba cha giza, mtu asikohoe wala mlango usigongwe. Tukafunika madirisha kwa mablanketi. Nikamshika ulimi kwa kijiko. Akakakamaa tena na tena, na kila mara alichelewa zaidi kuvuta pumzi, hadi mchana alipoacha kuivuta kabisa. Mtoto akafa naye.

Tukiwa tunanawa, Daktari akasema, taratibu, kama anayejisemea, "Dawa nyingine ilikuwapo."

"Wapi?"

"Sandukuni mwangu. Magnesiamu salfeti. Wewe unaiita chumvi ya haluli."

"Haluli ya kufungua choo?"

"Ikisafishwa na kuchomwa sindano ya msuli, inatuliza degedege. Kuna nchi wanaitumia tangu kabla sijazaliwa. Niliomba ruhusa. Daktari Whitcombe akajibu kwamba haluli ni ya kunywa, na kwamba atakayemchoma mama sindano ya haluli atajibu mbele yake."

Nilimtazama. Mikono yake ilikuwa bado na sabuni.

"Basi leo umetii," nikasema. "Umetii vizuri sana. Nenda nje ukamwambie mume wake."

Alikwenda. Hilo nitampa: alikwenda mwenyewe.

Jumapili, 22 Machi

Kanisani alikaa benchi la nyuma yangu. Sikugeuka.

Jumamosi, 28 Machi

Jua, hatimaye! Alfajiri Daktari alikuwa ameshapanga vichupa vyake dirishani kama mtu anayeanika senene. Mchana akaniita. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Angalia hiki. Ni damu ya mama mzima wa Omurushaka. Na hiki ni cha Evangelina."

Nikaangalia. Wekundu ni uleule.

"Nimepima wote walioanza kuvimba. Hakuna tofauti. Maji yetu hayana kasoro, udongo hauna kasoro. Nilikosea, Mama. Hawakosi magnesiamu."

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, nikashindwa. Mtu mwingine angevimwaga vichupa vile akasema mvua imeviharibu. Nani angejua?

"Kwa hiyo haluli yako si kitu?"

Akafikiri. "Nyumba haiungui kwa kukosa maji," akasema. "Lakini ikiungua, unaizima kwa maji. Kwa nini wanapata kifafa, sijui. Kwamba haluli inakizima, wengine wameshaona."

"Na wewe?"

"Mimi sijathubutu."

"Mwingine ataletwa," nikamwambia. "Unajua hivyo. Mvua bado mbichi."

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Nyama na ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa dada wa marehemu mume wangu. Mvua ya mawe imeangusha maua ya kahawa.

Jumamosi, 11 Aprili

Amethubutu!

Mke wa mwalimu Sostenes alianza kukakamaa akiwa palepale barazani kwetu, anasubiri kupimwa. Daktari alinitazama, nami nikamtazama. Akafungua sanduku.

Sindano ni kubwa na dawa inauma. Inaingia ndani kabisa, tako la kulia na la kushoto. Kisha akanifundisha lililo kubwa kuliko sindano. Haluli inalegeza mwili, na ikizidi inalegeza hata kifua, mtu akaacha kupumua. Kwa hiyo kila kabla ya kurudia unagonga chini ya pia ya goti kwa ubavu wa kiganja. Mguu ukiruka, endelea. Mguu ukikaa kimya kama gogo, usichome, hata kama saa imefika, hata kama mume anakulilia. Na uhesabu pumzi, na uangalie kama mkojo unatoka. Akaweka pembeni chupa nyingine ndogo, ya kalsiamu, ya kumrudisha atakayezidiwa.

Alikakamaa mara moja tu baada ya sindano. Jioni akauliza maji. Amezaa mtoto wa kiume, analia kama mwenye mashamba.

Mwalimu Sostenes alipiga magoti kwa Mungu, akasimama, akamkumbatia Daktari hadi miwani ikaanguka.

Jumatano, 15 Aprili

Wanawake wanakuja wenyewe kupimwa. Sasa wanamwita Mwana wa Ihanda.

Jumatatu, 20 Aprili

Amri ya Daktari Whitcombe imefika. Daktari aende Bukoba kujieleza. Chupa za haluli zifungiwe kabatini, na ufunguo akae nao Placidius, karani wetu.

Nilimfuata Placidius hadi kwenye meza yake. Mtu yule simpendi tangu zamani, anatembea kama paka na anajua mshahara wa kila mtu. "Wewe ndiye uliyepeleka maneno," nikamwambia. "Mama amepona, mtoto amepona, na wewe ukaona uchungu!"

Aliendelea kupiga mstari kwa rula.

Daktari ndiye aliyenijibu, akifunga sanduku lake. "Mwache. Niliyeandika ni mimi."

"Umejishtaki mwenyewe?"

"Nimetoa taarifa ya nilichofanya na kilichotokea. Dawa ikifichwa, itakufa na mimi. Wajue, waniadhibu kama wanataka, lakini wajue."

Sijui kama ni ujasiri au ujinga. Nadhani watu waliosoma sana huvichanganya. Amepanda lori la Omurushaka. Sikumwomba radhi Placidius, ingawa nilipaswa.

Ijumaa, 24 Aprili

Daraja limekatika. Hakuna lori linalopita, kwenda wala kurudi.

Jumatatu, 27 Aprili

Kazi imeisha, ndipo naandika.

Saa nne asubuhi nilisikia ng'ombe kabla ya kuona watu. Ni Muhangi, mfugaji wa mbugani, na ndugu zake, wamebeba mke wake Kokuberwa kwenye engozi, na ng'ombe wawili wamewafuata tu kwa kuwa hakuna wa kuwarudisha. Nyuma alikuwa mama yake Muhangi, bibi Kokwijuka, fimbo mkononi, matope hadi magotini.

Kokuberwa alikuwa amevimba hadi macho hayafunguki. Tulipomshusha tu akakakamaa. Nikamwekea kijiko. Nikachemsha mkojo wake. Uliganda kama ute wa yai, dalili ya kifafa cha mimba. Daktari hakuwapo. Mjini hakufikiki. Nilikuwa na mofini na mablanketi ya kufunika madirisha, na Evangelina niliye naye kichwani.

Nikaenda kwa Placidius nikanyoosha mkono.

"Ufunguo."

"Mama Auleria, unajua amri."

"Naijua. Naomba ufunguo."

Alitazama kupitia mlango wazi. Muhangi alikuwa amepiga goti kwenye sakafu, amemshikilia mkewe kichwa, anamwita jina lake kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Placidius akasimama. Hakunipa ufunguo. Alitembea na ule mwendo wake wa paka hadi kabatini, akafungua mwenyewe, akanitolea chupa ya haluli na ile ndogo ya kalsiamu.

"Wakiuliza nani kafungua," akasema, "ni mimi. Usinifiche."

Nikawaambia Muhangi na mama yake kila kitu, maana hilo nilimdai Daktari, na mimi nisingejisamehe nikilikwepa. Kwamba dawa hii imekatazwa. Kwamba mimi si daktari. Kwamba nimeiona ikimponya mmoja, na ikizidi inaua.

Bibi Kokwijuka akasema kwa Kinyambo, "Haluli? Ile ya tumbo? Mwanangu anakufa, wewe unataka kumwendesha choo?"

"Si ya tumbo leo, mama."

"Na ukimwua?"

"Nitakuwa nimemwua mbele yako, na nitakwambia hivyo. Lakini nikikaa, nitakuwa nimemwacha afe, na sitaki kumwona mwingine akifa eti kwa heshima ya karatasi."

Kokuberwa akaanza kukakamaa tena. "Choma," akasema bibi.

Nikachoma. Kulia, kushoto. Akakakamaa mara nyingine, kwa ufupi, halafu akalala. Tukasikiliza mvua na pumzi yake.

Wakati wa kurudia ulipofika, nikagonga goti. Mguu haukujibu. Nikagonga la pili. Kimya. Muhangi akasema, "Mama, muda umefika, ulisema muda ukifika." Nikasema hapana. "Ulisema mwenyewe!" "Nimesema hapana." Akaanza kunipigia kelele, mwanamume mrefu namna ile, analia na kunitukana pamoja, nami nimekaa na kiganja kifuani mwa mkewe nahesabu pumzi, zimekuwa chache, zinakuja kama mtu anayepanda mlima. Chupa ya kalsiamu niliishika mkono wa pili. Bibi Kokwijuka akamtandika mwanawe fimbo ya mgongo. "Nyamaza, mkunga anasikiliza pumzi."

Niligonga tena na tena. Hatimaye mguu ukaruka, kidogo, kama samaki akigusa maji. Ndipo nikachoma.

Alasiri akajifungua mtoto wa kike, mdogo, anaenea kwenye viganja viwili, lakini mwenye sauti. Kokuberwa akaamka. Akafungua macho akasema, "Mbona mmezima taa?"

Ilikuwa mchana, madirisha wazi.

Jumanne, 28 Aprili

Bado haoni. Muhangi anasema nimeyatoa macho ya mke wake. Nimemweleza kwamba ni kifafa, si dawa, na kwamba huwa yanarudi. Sina hakika kama huwa yanarudi. Nimeketi naye siku nzima nikimshikisha mtoto vidole.

Alhamisi, 30 Aprili

Asubuhi Kokuberwa aliniambia, "Una mvi upande mmoja tu." Nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko.

Jumatano, 6 Mei

Njia imefunguka, na Daktari Whitcombe amekuja mwenyewe, pamoja na Daktari Byabato. Nilitegemea mtu wa kugonga meza. Ni mzee mwembamba, anakohoa. Kiswahili chake ni cha amri, lakini anakielewa.

Alitukalisha chumba cha dirisha. Kabla hajauliza, Daktari Byabato akasema, "Ni mimi niliyemwagiza Mama Auleria. Lawama ni yangu."

Nikasimama. "Hakuniagiza. Alikuwa mjini. Nimefanya mwenyewe."

"Kabati nilifungua mimi," akasema Placidius kutoka mlangoni. Hakuna aliyekuwa amemwita.

Whitcombe akatutazama sote kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. "Nani alikupa ruhusa?" akaniuliza.

"Mume wake na mama mkwe wake. Mwenyewe hakuweza kusema."

"Mimi sikutoa."

"Wewe hukuwapo, Bwana."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alipokuwa daktari kijana, katika nchi nyingine, aliona mama akichomwa haluli na mwenzake. Degedege iliisha. Pumzi nayo ikaisha. "Mimi niko pale," akasema. "Mimi naona. Ndiyo sababu ya amri."

Nikaelewa kwamba amri yake haikutoka kwenye kiburi kama nilivyodhani. Ilitoka kwenye kaburi. Lakini mimi nami nina makaburi yangu.

"Mwenzako aligonga goti?" nikauliza.

Akataka nimwonyeshe, nikamwonyesha, kwenye goti la Placidius. Aliangalia mguu ukiruka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama mwingine akija kesho," akauliza, "amri iko palepale. Utafanya nini?"

Daktari Byabato alinitazama kwa macho ya kuniomba nidanganye.

"Nitamchoma," nikasema.

Nimefukuzwa kazi. Daktari anahamishwa Biharamulo. Placidius amepewa onyo kali, anatembea nalo kifua mbele. Daktari Whitcombe alipoondoka, kabati lilikuwa wazi na chupa zimo. Alizitazama, akafunga mlango, akamrudishia Placidius ufunguo. Sijui nimweleweje mtu kama huyo. Nimeamua nisimchukie, lakini simshukuru.

Alhamisi, 7 Mei

Daktari ameniaga. Alinipa shikamoo mbele ya watu wote barazani, nami nikaitikia marahaba kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Jumapili, 17 Mei

Ihanda, kwangu. Nimepalilia maharage. Mgongo.

Jumatano, 20 Mei

Wanawake wawili wamekuja hadi hapa niwatazame miguu. Mmoja hajambo. Mwingine amevimba, nimemwambia alale ubavu, asibebe kuni, arudi zahanati kila wiki. "Zahanati kuna nani sasa?" akauliza.

Ijumaa, 29 Mei

Mvua inaishia ishia. Nilikuwa mgombani nilipoona Placidius anakuja kwa baiskeli, shati limemganda mwilini. Hakusalimu.

"Yule aliyevimba, uliyemwagiza zahanati, yuko kwetu," akasema. "Ameanza. Ufunguo ninao."

Nilinawa mikono, nikajifunga kanga, nikakaa nyuma ya baiskeli. Kupanda kile kilima alisukuma na mimi nikasukuma.

Mlangoni alisimama muuguzi mpya, binti mzuri, aproni nyeupe pe, macho yamejaa machozi na hofu. "Mama, samahani," akasema. "Nimeambiwa usiruhusiwe kuingia humu."

"Nani amekuambia?"

"Wakubwa."

"Wako wapi?"

Aligeuza kichwa kutazama nyuma yake, kama vile wangekuwapo. Ndani, madirisha yamefunikwa mablanketi, kitanda kilikuwa kinagonga ukuta.

"Mwanangu," nikamwambia, "utawaambia nimekuzidi nguvu. Sasa njoo ushike taa, nikufundishe kugonga goti."

Akasogea. Akaja.